Udi wa Shavuni

Haya yalimfika shoga yangu Nasriya, mwaka wa tatu tangu tulipohamia Matrah, Uarabuni, kutoka Unguja. Wifi yake alikuwa biarusi, hina imeshamkolea vidoleni yeye peke yake, sie wengine tukingoja zamu zetu jioni. Ikawa udi wa kufukizia nguo zake umekwisha. Nasriya akaenda kuutafuta ghalani kwa shemeji yake Bakhit, muuza vitu vya kale, chumba kisicho na dirisha hata moja.

Mle gizani, kwa mwanga wa mlangoni tu, zilisimama sanamu mbili za mbao kutoka Uchina, walinzi wa mlango wa hekalu la Mabudha, macho yamewatoka. Mmoja kaachama, mwenziwe kafumba mdomo. Huyo aliyefumba alinukia udi mtupu.

"Masanamu, na sie Waislamu!" Nasriya akasonya, kisha akamkwangua shavu kwa kisu. Tamaa hiyo! Alipogeuka, nyuma yake meno yakasagana, krr, krr. Akajiambia ni panya, akatoka.

Alipovitia vile vipande chetezoni, moshi ulinuka jino bovu. Kanga zilizofukizwa zikateleza mkononi kama kamasi, na biarusi akatapika.

"Karejeshe uchafu wako!" mama mkwe akafoka.

Nasriya akarudi ghalani na kandili. Shavu alilolikwangua lilikuwa limelowa, linanata, na yule aliyefumba mdomo sasa kaachama. Kati ya meno yake ya mbao umekwama ukucha mzima, shina lake lingali na nyama.

Nasriya akatazama vidole vyake. Kucha zake zote zilikuwapo, nyeupe. Ule wa mdomoni ulikuwa umekolea hina.