Nusu Dakika ya Kimya

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, na alinisimulia mara moja tu. Mama yake alikuwa hajatamka neno kwa miezi saba tangu apate kiharusi, na daktari alitaka kuona kwenye picha ya ubongo kama bado anasikia.

"Ongea naye nusu dakika, nyamaza nusu dakika," mpiga picha alimwelekeza, akimpa kipaza sauti. "Akikusikia, hapa kwenye skrini patawaka."

"Mama, ni mimi, mwanao mkorofi."

Mashine alimolazwa mama iligonga gogogo chumba cha pili. Skrini ilibaki nyeusi. Aliponyamaza, pakawaka pekundu.

"Labda nimepanga zamu kinyume, dada," mpiga picha alisema. "Ngoja nipange upya."

Wakarudia. Alimbembeleza, akamwomba radhi kwa mambo ya zamani, giza tupu. Alipofunga mdomo, pakawaka.

Mpiga picha akakizima kipaza sauti. "Sasa usiseme kitu kabisa."

Wakanyamaza wote wawili. Pakawaka, na hapakuzimika. Kisha kwenye spika, katikati ya ile gogogo, wakamsikia mama akicheka kidogo na kuitikia, "Ehe... ehe...", kama mtu anayesimuliwa habari ndefu na mtu ampendaye.