Nilimrudisha Mama Mkubwa Kwake, Mimi Nikakosa Kwangu

Nina umri wa miaka arobaini na minne. Sina mke, sina mtoto, na sanduku langu la bati limepanda treni kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nimechambua pamba Shinyanga, nimepakua mizigo Kigoma, nimelinda maghala Mwanza. Naandika haya nikiwa mbali na Ruvu, na huko sitarudi tena. Wasomaji wenzangu, nisomeni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Siku niliyoamua kurudi nyumbani nilipanda treni Mwanza, daraja la tatu. Mpaka Tabora nilikalia sanduku langu. Kutoka Tabora nilipata nafasi dirishani, nikaona nchi yote ikipita... mbuga, mawe ya Dodoma, milima ya Morogoro, halafu ile mihogo na minazi ambayo macho yangu yaliitambua kabla ya akili. Ulikuwa wakati ule wa foleni za sukari na sabuni. Sandukuni nilikuwa na mche mzima wa sabuni na doti ya khanga, zote za Mama Mkubwa.

Huyu Mama Mkubwa, Bi Mwanahawa, ni dada wa marehemu mama yangu. Mimi nilizaliwa Kisarawe, upande wa Maneromango. Mama alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza natambaa. Mama Mkubwa akaja kwa miguu, akanifunga mgongoni, akanileta Ruvu. Alinilea pamoja na mwanawe wa pekee, Saidi, aliyenizidi umri kidogo. Alikaanga vitumbua, akaviuza stesheni, mimi nikasoma mpaka sekondari. Ningemwita nani mama kama si yeye?

Nilishuka stesheni ya Ruvu mchana, jua kali. Saidi nilimkuta barazani. Siku hizo alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mzito kijijini.

"Karibu, bwana mdogo, msafiri wa dunia," akasema. "Umekuja kukaa au unapita?"

Nikamuuliza Mama yuko wapi.

"Kaenda kwa ndugu zake Kisarawe, anapumzika. Uzee ule unataka hewa."

Mkewe alipokea sabuni na khanga, akaingia nazo ndani. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, na hapo nikaona jambo ambalo hadi leo nikifumba macho naliona. Chumba cha Mama Mkubwa hakikuwa na paa! Makuti yote yalikuwa yameondolewa, fito zimebaki kama mbavu. Nilipochungulia ndani, mahali kitanda chake kilipokuwa, mchicha ulikuwa umeota.

"Nilikuwa nakitengeneza," Saidi akasema nyuma yangu.

Mchicha uote chumbani, mtu bado anatengeneza?

Sikulala pale. Niliingia ndani, nikachukua sabuni yangu na khanga zangu mbele ya macho ya shemeji, nikatoka. Nilidandia lori la mkaa hadi kituo cha Kwa Mathias, nikapata jingine la kuingia mjini, nikazungukia Pugu mpaka Kisarawe. Nilimkuta Mama Mkubwa kwenye jiko la binamu yake. Namaanisha jikoni hasa, kibanda cha kupikia. Mkeka wake ulikuwa umetandikwa kando ya mafiga, na nywele zake zilikuwa na majivu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza, baada ya miaka yote ile...

Yeye hakunieleza kitu. Aliyenieleza ni binamu yake, na alisema kwa kunong'ona kama anayesengenya. Miaka ya nyuma Mama Mkubwa alimruhusu Saidi apande minazi yake michache kwenye shamba lake. Ninyi wa kwetu mnajua uzito wa jambo hilo. Mtu ukimwazima ardhi utamwachia alime mihogo, utamwachia kunde, lakini hutamruhusu apande mti wa kudumu, kwa sababu mwenye mti huwa na neno juu ya ardhi. Mama Mkubwa aliona huyu si wa kuja, ni mwanawe. Kuna mama anayemwekea mwanawe mpaka?

Minazi ilipoanza kuzaa, Saidi akatangaza kwamba minazi yote ya pale ni kazi ya mikono yake, na kwa hiyo shamba ni lake na nyumba iliyo ndani ya shamba ni yake. Akaanza na maneno. Kisha chakula cha mama yake kikawa kinawekwa uani, kwenye sahani ya peke yake. Mkewe akasema yale macho mekundu ya bibi yanamtia hofu, wakati kila mtu anajua ni macho ya moshi wa vitumbua. Mwisho Saidi akapanda juu, akateremsha makuti ya chumba kile kidogo kidogo, na masika yakaja. Mama Mkubwa alilowa usiku na mchana. Alipochoka kulowa, alifunga nguo zake akaondoka bila kugombana na mtu.

Angeshtaki wapi? Malalamiko ya nyumba kumi yanaanzia kwa balozi. Na balozi ni nani?

Wakati huo palikuwa na wanasheria vijana waliokuwa wakitoka mjini siku za Jumamosi na kukaa kwenye darasa moja la shule, hatua chache kutoka Kwa Mathias, kusaidia wanyonge bila malipo. Watu wengi hawakuwaamini. Kitu cha bure kinachovaa suti, walisema, lazima kina ndoana ndani. Mimi nilimchukua Mama Mkubwa, nikampeleka.

Aliyetupokea ni binti mwembamba aliyeitwa Tumaini. Aliinuka, akampa Mama kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Kumbe. Ndiyo maana una nafasi ya kusikiliza matatizo ya watu."

Binti akacheka. Mama naye akatabasamu, nikajua tumefika mahali pazuri. Alisikiliza kwa subira, hata pale Mama alipozungumzia mambo yasiyohusika. Halafu akatueleza kwamba kesi yetu itaanzia Mahakama ya Mwanzo, na huko mawakili hawaruhusiwi kusimama. Mama atajisemea mwenyewe, nami kama ndugu naweza kumsaidia kusema. Yeye kazi yake ni kutuandaa.

"Mama, usiseme unayoyadhani," alimwambia. "Sema uliyoyaona na uliyoyafanya kwa mikono yako. Na wewe kaka, mkiona maneno yamekwama, mwombeni hakimu aje shambani. Miti haitishiki."

Jumamosi zilizofuata tulirudi kwake. Kila mara alimuuliza Mama nani alimtoa nyumbani, na kila mara Mama aliangalia pembeni. Binti hakumlazimisha. Alisema tu, "Mama, siku hiyo mimi sitakuwepo kukusaidia."

Siku ya kesi chumba kilijaa. Saidi alikuja na koti lake la vikao. Hakimu alimuuliza Mama Mkubwa kwa upole kabisa:

"Bi mkubwa, nani alikutoa nyumbani kwako?"

Nilishika benchi.

"Nilitoka mwenyewe, mheshimiwa," akajibu. "Chumbani mlikuwa na joto."

Watu wakacheka. Joto, chumba kisicho na paa!

"Sasa unamshtaki nani?"

"Simshtaki mtu. Nataka chumba changu kiezekwe."

Nilijua Mama anafanya nini. Alikuwa anamfunika mwanawe mbele za watu, kama alivyomfunika kwa khanga alipokuwa mtoto mwenye kikohozi. Kwetu mambo ya ndani ya nyumba hayatolewi nje, na yeye alikuwa tayari kufa jikoni kwa mtu kuliko kusema "mwanangu amenitesa". Saidi alikuwa anatazama kucha zake, ametulia. Alijua vizuri kwamba mama yake hatamtaja. Huo ndio ulikuwa ushahidi wake mkubwa!

Nikasimama, nikaomba mahakama itembelee shamba. Hakimu akashauriana na wazee wawili wa mahakama, wakakubali.

Shambani Saidi alitangulia mbele kama anayeonyesha wageni bustani. Alipiga kila mnazi kwa kiganja. "Huu nimepanda mimi. Huu mimi. Na huu." Nadhani angeishia kwenye michache tu angeshinda, maana kweli michache ilikuwa yake. Lakini tamaa haikumruhusu. Alifika mpaka nyuma ya bafu, penye mnazi mrefu kuliko yote uliopinda kidogo kuelekea njiani, akaupiga nao. "Na huu."

Mama Mkubwa alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu nirudi.

"Huo hukuupanda, Saidi."

"Nimeupanda mimi, mama. Umesahau. Uzee."

"Huo nimeupanda mimi, kitovu chako kilipokatika. Kitovu chenyewe kiko hapo chini. Mimi nachimba, wewe unalia ndani ya khanga."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la furaha. Lakini mzee mmoja wa mahakama, mtu wa Mlandizi aliyezijua mila zetu, aliutazama ule mnazi toka chini hadi juu, akamgeukia Saidi.

"Kwa hiyo bwana balozi, ulishika jembe na kitovu kibichi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule mzee hakucheka. Alimweleza hakimu kwamba kwetu kitovu cha mtoto hakizikwi kwenye ardhi ya kuazima. Kinazikwa kwa wenyewe. Aliyezika pale ndiye mwenye pale, na aliyedanganya juu ya mti ule haaminiki juu ya mingine.

Mama Mkubwa akashinda. Nyumba yake, shamba lake. Saidi akaamriwa aezeke chumba na aondoke kama hawezi kukaa kwa heshima.

Hakuezeka. Siku chache baadaye alihamia na mkewe Kisarawe, kwa wakwe zake. Alimpita mama yake mlangoni bila kumuaga, na kwa majirani aliapa kwamba hataikanyaga nyumba ile maadamu mimi nimo.

Mimi nilifurahi. Nilikata makuti, nikayasuka, nikaezeka kile chumba kwa mikono yangu. Niling'oa ule mchicha. Niliona safari zangu zimekwisha, kwamba sanduku langu litageuka kuwa la nguo kama masanduku ya watu wengine. Kumbe nilikuwa najidanganya...

Mama Mkubwa alikuwa akipika chakula cha watu watatu. Sahani ya tatu aliifunika kwa kawa, akaiweka kando, na asubuhi akawapa kuku. Jioni alikaa anatazama njia. Wanawake waliokuja kumsalimu hawakukaa sana, na nyuma ya nyumba niliwasikia wakisema, "Huyo ndiye aliyempeleka mwanawe kwa hakimu." Walewale waliomwona akilowa wakanyamaza!

Asubuhi moja nilikuwa nasuka makuti ya akiba. Akaja akakaa karibu yangu.

"Shabani, safari zako zimekwisha?"

"Zimekwisha, Mama."

"Mbona ulikuwa ukizipenda sana."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Saidi hawezi kurudi wewe ukiwa humu," akasema. "Ameapa."

"Mama, alikuacha ukalowa kama mbuzi."

"Aliniacha. Ni mwanangu."

"Na mimi?"

Alichukua kuti mkononi mwangu, akaanza kulisuka yeye.

"Wewe mguu wako haukai, baba. Hata nikikuweka, utaondoka. Yule ana mnazi wake hapa."

Kitovu changu mimi kiko porini, upande wa Maneromango, kwenye kitongoji ambacho watu wake wote walihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji. Labda kuna mnazi huko, labda walishaukata. Hakuna aliyebaki wa kunionyesha.

Alinikaangia vitumbua, akavifunga kwenye jani la mgomba. Alinisindikiza hadi kwenye ule mnazi uliopinda, hakwenda mbele zaidi. Aliniombea dua ndefu. Sikulia mbele yake.

Ndugu wasomaji, sisemi sheria ni mbaya. Bila binti yule Mama Mkubwa angezikwa akitolewa jikoni kwa mtu. Nasema tulichelewa. Jambo lile lilitakiwa kusemwa siku kuti la kwanza lilipoteremshwa, wakati Saidi angeweza kuonywa faraghani na wazee, akaona haya, akapanda kulirudisha. Majirani walinyamaza kwa kuogopa ubalozi wake, mama alinyamaza kwa kumwonea haya, na ukimya wote ule ulikuja kufunguliwa kwa kishindo mbele ya hakimu. Wenye wazazi, chungulieni vyumba vyao, msiridhike na barazani. Wazazi, mtoto umpendaye mwonyeshe mpaka wake mapema, mbele ya watu. Na ninyi mnaoteswa na damu yenu, mkipata mtu wa kuwasaidia bure, mwambieni yote. Msimfichie aibu anayewatoa nje kwenye mvua. Nawaombeni sana.

Siku ile niliyoondoka ilikuwa Jumamosi. Nilishuka Kwa Mathias kubadili gari, na binti Tumaini aliniona kutoka dirisha la darasa, akatoka mbio na kalamu mkononi.

"Kaka Shabani! Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyumbani kwake."

Uso wake uling'aa kwa furaha. Aliangalia sanduku langu, akauliza naenda wapi, nikamwambia nasafiri kidogo. Basi la Morogoro likafika, nikapanda.