Uvundo Katika Diski ya Wote

Jumatano, tarehe 9 Aprili. Asubuhi hiyo manyunyu hayakukatika, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi karibu na mapaa ya chuo kikuu.

Kidoti, msichana wa miaka kumi na tatu, alifika kazini kwa mama yake kama alivyofanya kila siku ya likizo. Alikung'uta mwavuli, akamwamkia Fundi aliyetunza mitambo, kisha akaenda kuweka chakula chao kwenye friji ya ofisi. Alipoifungua tu, alirudi nyuma hatua mbili huku ameziba pua. Mtu alikuwa ameacha maziwa humo kwa majuma mengi. Yalikuwa yamevimba na kuota ukungu wa kijani, na maji yake yalichuruzika juu ya vyakula vya wengine.

"Mtu wa namna hii hana hata haya," alisema Kidoti.

"Kila niliyemuuliza anasema si yake," Fundi alijibu akivaa glavu. "Basi yalikuja yenyewe kwa miguu."

Mama yake Kidoti alikuwa mmoja wa watafiti kumi na wawili waliochunguza mafuriko. Hesabu zao zilikuwa nzito mno kwa kompyuta za mezani, kwa hiyo wote walitumia seva za chuo, mashine zilizopangwa safu kwa safu katika chumba cha baridi, zikivuma mchana kutwa kama mzinga wa nyuki. Kila mtu aliingiza kazi yake kwenye foleni, akangoja zamu yake, na majibu yakahifadhiwa katika diski moja kubwa ya wote. Kila Jumatano Fundi alibandika kwenye mlango wa friji orodha ya waliochukua nafasi nyingi. Wa kwanza alikuwa yule yule daima, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu waliyembandika jina la Tumbo.

Hesabu ya mama ilikuwa imekwenda siku sita. Ilipima maji ya mto yangefika wapi mvua kubwa ikinyesha. Ijumaa asubuhi halmashauri ingekaa kuchagua kiwanja cha zahanati mpya, na ramani ya hesabu hiyo isipokuwa tayari, wangechukua kile cha kando ya mto kwa kuwa kilikwisha kufyekwa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, mama alifumba macho na kumwomba Mungu kimya kimya. Siku hiyo alifumbua macho, akasoma kioo mara mbili. Hesabu ilikuwa imesimama tangu alfajiri. Sababu iliandikwa kwa maneno mawili: diski imejaa.

Watu walikimbilia orodha. Tumbo alikuwa juu, kama kawaida. Alipoingia, nguo zimelowa, walimshukia kama mvua ya pili. Mmoja alimuuliza kama ameanza kula na nyaya. Mwingine alisema watu wa aina yake wapewe seva yao porini, wajaze wenyewe. Tumbo alijaribu kueleza kwamba Jumatatu alifuta nusu ya faili zake, lakini hakuna aliyemsikiliza. Kidoti naye alikunja uso.

"Kaka, hujioni kinyaa?"

Tumbo alimgeukia. "Hata wewe, mdogo wangu?"

Hapo maneno ya Tumbo kuhusu kufuta faili yalimrudia Kidoti na kumkumbusha jambo.

Majuma mawili nyuma, Fundi alimfungulia akaunti ndogo ili atengeneze filamu ya mto kwa mashindano ya sayansi shuleni. Alimfundisha kufuta kila anachomaliza. Alimwonyesha pia sehemu ya diski iliyoitwa chumba cha muda, ambako faili hupita tu, ndiyo maana haihesabiwi kwenye orodha ya mlangoni. Kidoti alishika hilo la mwisho. Kila alipobadilisha rangi ya maji alianza upya na kuacha nyuma maelfu ya picha. Alijiambia angefuta kesho. Jana jioni, kabla ya kuondoka, alianzisha jaribio la arobaini na moja na kuliacha liendelee lenyewe.

Aliketi kwenye kompyuta ya pembeni, akafungua chumba cha muda. Mafungu arobaini na moja ya picha, mto ule ule, maji yale yale, na hakuna alilolihitaji. Fundi alikuwa amekwisha kutupa maziwa, lakini Kidoti aliyasikia tena puani. Angeweza kufuta yote kimya kimya. Lawama zingebaki kwa Tumbo, ambaye alikwisha kuzizoea. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Wazo hilo lilimchefua kuliko maziwa. Mungu wangu, nipe mdomo, aliomba moyoni, kisha akasimama.

"Mama, si yeye. Ni mimi."

Mama alikuja, akaona mafungu yale.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Kaka aliponiuliza, 'Hata wewe?'"

"Baada ya kumwambia anatia kinyaa."

"Ndiyo, mama," alijibu Kidoti. Akamgeukia Tumbo, akamwomba radhi.

Fundi alimketisha afute fungu moja moja, akilitaja kila moja kwa sauti hadi la mwisho. Ilibainika kwamba programu ya mama huhifadhi kila jioni mahali ilipofika, hivyo ingeweza kuendelea kutoka pale ilipofika jana jioni. Lakini ilihitaji siku nzima, na mashine zake zilikuwa zimepewa aliyefuata kwenye foleni tangu alfajiri, wala zisingeachiwa hadi Ijumaa jioni. Zilikuwa zimeshikwa na kazi ya Tumbo. Wale waliomsema walianza kutazama viatu vyao.

Tumbo alivuta kiti, akaisimamisha kazi yake ya siku tatu. "Tasnifu yangu imengoja miaka mitano," alisema. "Wiki moja haitaiua."

Ijumaa alfajiri ramani ilikamilika. Ilionyesha kiwanja cha kando ya mto kimezama hadi madirishani. Saa nne mama alipigiwa simu: halmashauri ilikuwa imechagua kilimani. Watu walikusanyika mbele ya friji, wakicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Fundi alikohoa. "Yale maziwa yalikuwa yangu," alisema. "Niliona aibu. Mtoto huyu amenishinda." Kicheko kilipotulia, alimgeukia Kidoti. "Maziwa yaliyooza tunayakimbia kwa sababu yananuka. Faili hazinuki, ndiyo maana mtu huwaachia wenzake uchafu na bado akalala vizuri. Kitu cha wote kinataka mtu asafishe pale ambapo hakuna orodha, na akiharibu, aseme kabla mwingine hajabeba lawama."

Mama aliuweka mkono begani mwa bintiye. Kidoti alimtazama Tumbo, kisha wengine wote.

"Naahidi mbele yenu," alisema kwa sauti ya kusikika, "nitafuta changu siku ile ile, na nikikosea, nitasema mimi mwenyewe kabla hamjauliza."