Unga wa Msiba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vania alimsaidia mama yake, Felismina, kuanika muhogo na kufukuza kuku. Lakini wiki ile kuku walijilia watakavyo, maana Vania alikuwa akikariri hotuba.

Wageni kutoka Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika walikuwa wanakuja kijijini kwao, Ziwani, kuwauliza wananchi wanataka Jumuiya yao iweje. Vania angesema kwa niaba ya wanafunzi, na Mwalimu Hemedi alikuwa amemtungia maneno mazito.

"Mama, hata sijui mtangamano ni mnyama gani," alilalamika. "Afadhali niwaeleze habari za babu."

"Thubutu! Watasema sisi si wa huku."

Babu, baba mzazi wa Felismina, alifariki ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Siku ile walibeba kiroba cha unga wa muhogo, maana kwao mtu haendi msibani mikono mitupu. Kivukoni wakaambiwa huo ni mzigo wa biashara, wakatafute kibali. Walipovuka, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Tangu hapo mama hakuwa na raha.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulifurika. Vania aliimwaga hotuba yake kama kasuku. Alipomaliza, mgeni mmoja, Bi Mwanaidi, alitabasamu.

"Ahsante, mwanangu. Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Vania alimtazama mwalimu, kisha mama, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Nataka unga wa msiba uvuke," alisema.

Watu wakaangua kicheko. "Wa ng'ambo huyo!" kijana mmoja akapaza sauti. Machozi yalimlenga Vania, lakini hakuketi. Alieleza yote: kiroba, kibali, na kaburi walilolikuta limefukiwa.

Kicheko kikakoma. Mzee Nassoro, aliyeheshimiwa na kijiji kizima, akasimama. "Mimi ni wa hapahapa, na dada yangu kaolewa ng'ambo. Mumewe alipofariki, nami nilikwamishwa vivyo hivyo." Akafuata mwingine, na mwingine. Kumbe waliolia kimyakimya walikuwa wengi!

Bi Mwanaidi aliandika yote, ila hakuahidi makubwa. "Nchi nyingi hukubaliana polepole," alisema, "lakini neno hili nitalifikisha."

Msimamizi wa kivuko naye alikuwepo, na aibu ilimjaa usoni. "Kwa upande wetu tulimalize leo," alisema. "Mwenye msiba aje na mwenyekiti wa kijiji amtambulishe, na unga wake utapita."

Siku ya arobaini ya babu, Mwalimu Hemedi aliwasindikiza hadi kivukoni, kiroba begani. Mwenyekiti aliwatambulisha, na hakuna aliyetaja kibali.

"Nisamehe, mwalimu. Nilisema nje ya hotuba yako," Vania alisema.

"Mimi ndiye wa kusamehewa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na maneno ya kuazima ni vivyo hivyo. Ukiulizwa unataka nini, sema lililo kweli moyoni mwako. Ukinyamaza, wenzako watakuamulia, nao hawajui kinachokuuma."

Mama alipokea kiroba, akajitwika. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, uso wake ulikunjuka.

"Twende, mwanangu," alisema. "Bibi yako anasubiri unga wake."