Niko, Mwalimu

Mwalimu Wanjugu alikuwa na sauti, jamani. Akifundisha shuleni pale Mutuini, wauza mboga wa nje ya geti walijua darasa limefika wapi. Tena alikuwa mkali wa kuita majina asubuhi. Mtoto akichelewa kuitika, anahesabiwa hayupo, hata kama ameketi mbele ya pua yake.

Binti yake Ciru, wa darasa la pili, alilelewa hivyo hivyo. Mama akiita, "Ciru Ndegwa!" mtoto aliacha kijiko hewani akajibu, "Niko, mwalimu!" Kisha wanacheka wote wawili. Mwenye nyumba wao, mama mzee aitwaye Veronicah, hakucheka hata siku moja.

"Ciru, ukiitwa usiitike mbio," alimwambia. "Angalia kwanza ni nani."

Wanjugu alimwitikia kwa heshima tu. Moyoni alimwona mshirikina.

Shule ilikuwa ya kibinafsi, na mshahara ulikuja unapotaka. Viatu vya Ciru vilikuwa vimeachama mbele, vidole vinachungulia. Ndipo mwalimu mwenzake, Jacklyne, akamwonyesha programu ya simu. Mwalimu anajirekodi akisoma hadithi au akifundisha hesabu, anapewa pointi, na pointi zinageuka unga, viatu, hata karo.

"Madam, si kamari hii," Jacklyne akasema. "Ni sauti tu unawapea. Kwani itaisha?"

Wanjugu akajirekodi wakati wa chai, wakati wa michezo, hata akichambua sukuma wiki. Unga ukaja kweli. Koo likaanza kukwaruza, naye akalaumu vumbi la chaki kama walimu wote. Pointi za viatu zilipotimia, alishuka mjini Jumamosi mchana kuvichukua. Mwenye duka, mzee Keval, alikuwa ameshaviweka kwenye kaunta.

"Hivi ndivyo ulivyoniagiza asubuhi kwa simu," Keval akasema.

"Mimi? Sijakupigia."

"Sauti ni yako kabisa, mwalimu. Uliniuliza mtoto akikimbia, vitasikika?" Akabonyeza soli kwa kidole gumba. "Hizi hazisikiki."

Wanjugu alivisukuma nyuma kidogo. Lakini viatu vilikuwa vizuri, na vya bure. Akavichukua.

Jumapili programu ikaleta kazi mpya, na zawadi yake ilikuwa karo. Aite jina la mwanafunzi mmoja, kama anavyoita darasani, mpaka mwanafunzi aitike. Majina ya watoto wa watu aliyaogopa. Akaita la mwanawe.

"Ciru Ndegwa!"

"Niko, mwalimu!"

Wakacheka. Cheko la Wanjugu halikutoa sauti. Alikunywa maji ya moto na tangawizi, akajiambia koo litapona.

Kesho yake, baada ya shule, alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Ciru alikuwa sebuleni na viatu vyake vipya, anachora. Jua lilikuwa linawaka. Kuku walikuwa wanaparua uani.

"Ciru Ndegwa!"

Sauti ilitoka nje, kwenye shamba la nepia, majani marefu ya ng'ombe, nyuma ya nyumba. Ilikuwa kali. Ilikuwa safi. Ilikuwa yake.

Wanjugu alifungua mdomo kumzuia mtoto. Hakikutoka kitu. Pumzi tu.

"Niko, mwalimu!"

Hakusikia miguu ikikimbia. Aliangusha sufuria, akatoka mbio. Sebule tupu. Mlango wazi. Nepia ilikuwa inatikisika, kisha ikatulia.

Alipiga makofi. Aligonga mabati. Kumwita mwanawe hakuweza.

Majirani walifyeka shamba lote siku ile ile. Mwisho wa nepia walikuta viatu tu, vimepangwa sambamba, kamba zimefungwa. Polisi waliandika, wakauliza maswali ambayo Wanjugu alijibu kwa kutikisa kichwa. Programu haikuwepo tena kwenye simu. Ulikuwepo ujumbe mmoja: Mwanafunzi amepokelewa.

Sauti haikurudi. Shule ilimwachisha kazi, maana mwalimu bubu atafundisha nini? Mama Veronicah humpelekea uji, wanakaa wawili mlangoni. Asubuhi, saa ya kuita majina, hewa ikitulia, huko mbali upande wa Dagoretti husikika mwalimu akiita. Mama Veronicah huziba masikio. Wanjugu huyatega, kwa sababu baada ya jina moja, kuna mtoto anaitika.

Viatu amevifungia kwenye sanduku chini ya kitanda, na ufunguo unaning'inia shingoni mwake. Vilikuwa vipya kabisa alipoviweka. Juzi alivitoa avifute vumbi, akakuta soli zimelika, na tope jekundu bado bichi. Cha kulia kilikuwa kimeachama mbele, kimesukumwa kutoka ndani, kama kiatu cha mtoto anayekua.