Kitufe Kikubwa Kama Kifungo cha Koti

"Mimi sijakosa kliniki hata siku moja," Bibi Vifungo alijigamba, mguu wake ukikanyaga cherehani. "Waulize. Mara zote nimefika. Ila mara mbili nilifika kesho yake. Na mara moja niliwahi. Niliwahi kwa wiki nzima."

Mume wake alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa kinyozi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Wembe. Kunyoa alikuwa ameacha, lakini ulimi ulikuwa bado unakata.

"Mama watoto," alisema, "wewe ukiitwa mbinguni, utafika siku ambayo malaika wamefunga ofisi."

"Afadhali mimi nitafika. Wewe utasema umefika, kumbe uko kwenye drafti."

Bibi Vifungo alipata jina lake kwa sababu ya sare za shule. Mafundi wengine walishona mashati, kisha wakamletea yeye atoboe vitundu na kushona vifungo. Kifungo alichoshona yeye hakikung'oka. Shati lilizeeka, likafanywa tambara la kudekia, kifungo kikabaki palepale kinang'aa.

Lakini siku hizi mambo yalikuwa yamebadilika kidogo. Alikuwa akigonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita miaka thelathini. Vikombe vya pembeni mwa meza alivisukuma bila kuviona. Alisema mlango umesogea. Alisema vikombe vya siku hizi vina wazimu.

Siku ya kwanza kwenda hospitalini, nesi wa kliniki ya macho alikuwa amemweleza bila kumficha.

"Bibi, hii ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana ni mwizi mbaya. Inaanza kuiba pembeni, polepole, huku mbele unaona sawasawa. Kikishaibiwa hakirudi."

"Hata kwa miwani?"

"Hata kwa miwani. Lakini kilichobaki tunaweza kukilinda. Dawa ya matone kila siku, na kuja kupimwa kila unapopangiwa. Usikose."

"Nikikosa?"

Nesi alivitazama vidole vyake. Vilikuwa na alama za sindano kila mahali. "Ukikosa, bibi, siku moja uzi hautaingia kwenye sindano."

Siku ile Bibi Vifungo alirudi nyumbani kimya, jambo ambalo lilimtisha Mzee Wembe kuliko ugonjwa wenyewe.

Shida ilikuwa kadi ya kliniki. Ilikaa ndani ya kopo la vifungo. Tarehe ziliandikwa na daktari kwa kalamu iliyoishiwa wino, na mwandiko wake ulifanana na njia ya kuku aliyetoka matopeni. Saba ilifanana na nane, na nane ilifanana na moja. Ndiyo maana Bibi Vifungo alikuwa akifika kesho yake, au wiki nzima kabla.

Jumamosi moja alikuja binti wa mdogo wake wa kike. Nyumbani walimwita Kidole. Tangu utotoni, kidole chake kilikuwa hakipiti kwenye swichi bila kuibonyeza. Sasa alikuwa amesoma, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za simu.

"Mama Mkubwa, hospitali yenu imenipa kazi," alisema. "Nimetengeneza programu ya kupanga siku za kliniki. Wagonjwa ishirini wataijaribu. Nimekuandika wa kwanza."

"Wa kwanza!" Bibi Vifungo alimtupia mumewe jicho. "Umesikia?"

Kidole aliweka programu kwenye simu ya mama yake mkubwa, naye Bibi Vifungo akaisogeza karibu na pua. Kwenye kioo kulikuwa na picha kumi na mbili, ndogondogo kama punje za mtama. Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Juu kabisa paliandikwa: Usimamizi wa Miadi.

"Kwanza unaweka barua pepe."

"Mimi hata ya karatasi sina wa kuniandikia."

"Basi nitaweka yangu. Sasa neno la siri. Liwe na herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama."

"Hilo ni neno la siri au mtihani?"

Kidole alicheka. Alieleza haraka haraka, kidole kikiruka huku na huko kama panzi. Picha hii, halafu hii, halafu unarudi hapa. Uso wake uling'aa kwa furaha. Bibi Vifungo aliutazama uso ule akashindwa kusema ukweli.

"Umeelewa, Mama Mkubwa?"

"Yote," alisema Bibi Vifungo. Alikuwa ameelewa mahali pa kuwashia.

Alipobaki peke yake, aliamua kuhakikisha siku yake. Aliona mstari wenye jina lake. Akaweka kidole juu yake, akakandamiza, akashikilia. Fundi wa kushona hagusi kitu na kuachia. Kitambaa ukikiachia kinateleza, mshono unakwenda upogo. Alishikilia mpaka simu ikalia kengele nzuri, na mstari ukatoweka.

"Imekubali," alijisemea, akarudi kwenye vifungo vyake.

Siku ya kliniki alifika mapema, amevaa gauni lake la safari. Nesi alitazama orodha. Akaitazama tena.

"Bibi, jina lako halimo."

"Litazame vizuri. Mimi ndiye wa kwanza."

"Inaonekana nafasi uliifuta mwenyewe kwenye simu. Imeshachukuliwa na mtu mwingine. Nafasi ya karibu ni baada ya wiki tano."

Bibi Vifungo alikaa kwenye benchi. Alihesabu kwa vidole. Wiki tano. Mwizi anaingia kila siku, na yeye amefungua mlango kwa mkono wake.

Nesi hakumwacha vile. Alimwomba daktari ampime kati ya wagonjwa wawili. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa imepanda. Akabadilishiwa dawa.

Jioni, alipopata habari, Kidole alikuja mbio, hata mkoba hakuufunga.

"Simu haina kosa," alitangaza Mzee Wembe. "Wazee wa siku hizi ndio wabishi."

"Hapana, Baba Mkubwa," Kidole alisema. "Kosa ni langu. Mtu akishikilia kidole, programu inafuta. Niliona ni njia fupi. Hata swali haiulizi."

Bibi Vifungo alikuwa amejiandaa kugombana. Maneno makali alikuwa ameyapanga kama vifungo kwenye kadi ya dukani. Lakini ni mara ngapi umemwona msomi akisema "kosa ni langu" kabla hajaulizwa? Maneno makali aliyameza.

"Mwanangu, na mimi nilikudanganya," alisema. "Sikuelewa hata kidogo. Lakini nikuulize. Mteja akija hapa kutaka gauni, mimi naanza na nini?"

"Unampima."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kukata kitambaa."

"Sasa mimi ulinipima lini?"

Kidole alinyanyuka. Akauchukua utepe wa kupimia kwenye cherehani, akautazama kama hajawahi kuuona.

"Hukunipima. Ulikata gauni kwa mwili wako, wewe mwenye macho mapya na vidole vya panzi, ukanivisha mimi. Likabana."

Mtu mwingine angenuna. Kidole alifungua daftari. "Basi nipe vipimo, Mama Mkubwa."

Kesho yake Kidole alikwenda kukaa kwenye benchi la kliniki, akakaa siku tatu. Kila mgonjwa alimpa simu na kumwambia, "Sikufundishi. Nionyeshe unavyotafuta siku yako. Mimi natazama tu." Mtu alipokwama, hakumwambia umekosea. Aliandika. Nesi alipomuuliza kwa nini anawaacha wazee wahangaike, alijibu, "Pale wanapokwama ndipo penye kazi yangu."

Fundi mwashi mmoja alimwambia kwamba yeye alifika saa tisa alasiri akakuta pamefungwa, kwa sababu simu ilimwandikia 09:00. Mama mmoja muuza mboga alisoma neno miadi, akauliza kama ni ya wachumba. Dereva mstaafu alionyesha vidole vyake vinavyotetemeka. Akigusa picha moja, zinafunguka mbili.

Bibi Vifungo alisikia habari hizo kwa nesi, moyo wake ukajaa. Yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji alifumua mshono mmoja tu kwa siku akalia. Huyu mtoto alikuwa anafumua gauni zima, na anaimba.

Wiki ya tatu programu mpya ikaja. Bibi Vifungo aliifungua.

Picha kumi na mbili zilikuwa zimekwenda zao. Palikuwa na vitufe vitatu tu, kila kimoja kikubwa kama kifungo cha koti, maandishi meusi juu ya rangi ya njano. Cha kwanza: Kliniki yangu ni lini? Cha pili: Nataka siku nyingine. Cha tatu: Nipigie nesi.

"Barua pepe iko wapi?"

"Hakuna. Namba yako ya simu inatosha. Unatumiwa tarakimu nne, unaziandika mara moja, basi."

Bibi Vifungo alibonyeza cha kwanza. Pakatokea: Jumanne, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Halafu ikasomwa kwa sauti, na sauti ilikuwa ya nesi yuleyule.

"Sasa shikilia kidole kama zamani," Kidole alisema.

Alishikilia. Hakuna kilichofutika. Alipobonyeza kitufe cha kubadili siku, simu iliuliza kwanza: Una hakika? Ndiyo. Hapana. Na hata ukikosea, siku yako inakusubiri mpaka jioni uirudishe.

"Gusa, achia," Kidole alimfundisha.

"Gusa, achia," alirudia Bibi Vifungo. "Miaka yote hii nilikuwa naikaba shingo."

Lakini hakuacha kutafuta dosari. Fundi ni fundi. Siku mbili kabla ya kliniki simu ilipiga kelele mbele ya wateja watano: "Bibi, usisahau, unatibiwa presha ya macho!" Alimpigia Kidole palepale.

"Mwanangu, umenivua nguo sokoni. Ugonjwa wangu ni wangu. Simu iseme nina siku ya kliniki, basi."

"Haki kabisa. Kesho litakuwa limerekebishwa."

Na kweli likarekebishwa.

Jumanne ile alifika saa tatu kasorobo. Jina lake lilikuwamo. Mara iliyofuata akafika. Na nyingine. Na nyingine. Mara ya nne nesi alimwonyesha karatasi ya vipimo.

"Presha ya macho imeshuka, na imetulia. Pembeni hujapoteza zaidi. Bibi, unalinda vizuri."

Aliporudi nyumbani, alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, bila kulamba ncha. Aliinua sindano juu kama bendera, ingawa hapakuwa na mtu wa kuipigia saluti.

Kliniki nayo ilibadilika. Benchi ambalo zamani watu walisinzia tangu alfajiri sasa lilikuwa na watu wawili, watatu. Kila mtu alikuja saa yake, akaingia, akatoka. Hospitali ikaipeleka programu kwenye kliniki nyingine zote, hata ile ya presha ya damu, aliyokuwa akitibiwa Mzee Wembe.

Mzee Wembe alijiandikisha kwa shingo upande. Programu ilimuuliza: Nani mtu wako wa karibu, tumjulishe usipofika? Hakusoma mpaka mwisho. Alifikiri wanataka wa kumletea uji akilazwa. Akaandika namba ya mkewe, akagusa, akaachia.

Siku yake ya kliniki aliondoka mapema, amevaa kofia. Saa sita mchana akarudi, akajibwaga kwenye kiti.

"Pole, baba watoto. Ulifika kliniki?"

"Nifike mara ngapi? Ndiko ninakotoka. Foleni, mke wangu! Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi. Hilo lisimu lenu halijasaidia chochote."

"Maskini. Na daktari alikupima?"

"Alinipima, akapima tena, hakuamini. Akasema hii presha ni ya kijana wa miaka ishirini."

"Alisema hivyo?"

"Aliwaita na wenzake waje waone."

Simu iliyokuwa juu ya cherehani ikalia kengele. Kisha ikasikika sauti ya nesi, ya taratibu na ya upole.

"Habari ya mchana. Mtu wako wa karibu hajafika kliniki leo. Nafasi yake bado ipo mpaka saa nane. Kama anakuja, bonyeza kitufe cha kijani."

Mzee Wembe aliitazama simu. Akautazama mlango. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifuta jasho, na vizibo vitatu vya soda, kete za drafti, vikadondoka sakafuni kimoja kimoja.

"Foleni ilikuwa ndefu," alisema, lakini kwa sauti ndogo sana.

Bibi Vifungo aliinamia simu, akatafuta kitufe cha kijani. Akagusa, akaachia.