Alihesabu Kalori, Mimi Nikaitwa Mchawi

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa. Nyumbani kwangu ni Gesima, Nyamira. Nina shamba dogo la majani chai, migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Wasomaji wenzangu, sikuwahi kufikiria kwamba ningekuja kuanika mambo ya boma langu mbele ya watu nisiowajua... Lakini nimeyameza mpaka yamenikaba koo. Leo nayatema!

Mwanangu Evans anafundisha shule moja upande wa Ogembo na huja nyumbani mwisho wa wiki. Mkewe, Kerubo, naishi naye boma moja. Nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kuna kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi tulikuwa tunachuma chai pamoja, mchana tunakula kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natangulia kurudi kupika. Tangu aolewe tuliishi hivyo, na hakuna siku nilienda kumsema kwa jirani. Nilikuwa nimemwomba Mungu binti, akaniletea yeye.

Kisha akajifungua mtoto wa pili, msichana. Baada ya uzazi alinenepa, mashavu yakajaa, na mimi nikavimba kichwa kwa furaha. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya kujifungua, sifa zinakwenda kwa mama mkwe aliyempikia. Basi wageni walipokuja kumwona mtoto, nikasema kwa sauti, "Tazameni mkaza mwana wangu alivyonona! Hapa hakuna njaa!" Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Kerubo naye alitabasamu, kisha akaingia chumbani. Ningejuaje kwamba ameenda kulia?

Mtoto alipoanza kutambaa, Kerubo akaacha kula kwangu.

Alianza kwa kukataa ugali. Nyinyi wa mbali huenda msione uzito wake, lakini kwetu asiyekula ugali hajala. Unaweza kumaliza mkungu wa ndizi, ukashushia kwa chai ya maziwa, na bado utaulizwa utakula saa ngapi. Nasonga ugali wangu wa wimbi, namwekea mboga, yeye anasema, "Nimeshiba, mama." Umeshiba nini? Tumekuwa shambani pamoja tangu kuche! Baadaye akawa hagusi hata mboga. Anamchukua mtoto, anavuka kwake, anafunga mlango.

Naomba mnielewe hapa. Mkaza mwana akikataa chakula cha mama mkwe mara moja, huenda ni tumbo. Akikataa kila siku, amesema jambo kubwa bila kufungua mdomo. Amesema anakiogopa. Amesema kuna kitu umetia ndani.

Na huku anakataa, anakonda! Mifupa ya shingo ikatokeza. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitambaa anapokifungua. Maziwa yakapungua, mtoto akawa analia na kuvuta titi lisilotoa kitu. Shambani nilikuwa namwona ameketi katikati ya michai, kapu mgongoni, macho ameyafumba. Nikimuuliza anasema yuko sawa. Nikimwambia twende hospitali anasema yuko sawa. Nikimpigia Evans simu, Evans ananiambia, "Mama, mimi nimemuuliza, anasema yuko sawa." Hilo neno sawa nililichukia!

Mambo yaliharibikia kwenye kituo cha kununulia majani chai. Tulikuwa kwenye foleni ya mizani. Kuna jirani yangu mmoja, tumekuwa marafiki tangu tukiwa wasichana tulioolewa juzi. Alimtazama Kerubo juu hadi chini, kisha akamuuliza mbele ya watu wote:

"Mwanangu, wewe siku hizi unakula kwa nani?"

"Nakula kwangu," Kerubo akajibu.

"Kwa mama mkwe uliacha?"

Kerubo alitazama kapu lake. Hakusema neno. Hata moja! Foleni nzima ikageuka kunitazama mimi.

Angesema neno moja tu, wasomaji. Angesema, "Najipunguza mwili." Wangemcheka kidogo, yangeisha hapo. Lakini alinyamaza, na ule unyamavu wake ukatembea kijijini haraka kuliko mimi.

Watu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Nikikaribia kisimani, wanawake wanakumbuka wameacha kitu nyumbani. Watoto waliokuwa wanakuja kuniomba ndizi mbivu wakawa wanavutwa mkono. Siku moja, jua likiwaka, nilipita mbele ya duka la barabarani na kijana mmoja niliyembeba akiwa mchanga akanitupia maneno, "Magokoro, jitayarishe. Huyo mke wa Evans akikufa, sisi hatutangoja polisi." Wenzake wakacheka. Magokoro ni bibi, na ndilo jina la heshima ambalo vijana wa hapa wananiita. Aliniita hivyohivyo, kwa heshima, akinitisha kuniua!

Nyinyi mnajua kilichowahi kuwapata wazee wa kike huku kwetu kwa maneno kama hayo: kuchomwa moto wakiwa hai. Mimi pia najua. Nilirudi nyumbani, nikajifungia, nikatafuta maombi kinywani nisiyapate.

Kisha ikaja Sabato ya wageni. Siku hiyo kanisani kwetu kila mama huleta chakula na tunakula pamoja baada ya ibada. Sisi Wasabato hatupiki siku hiyo, kwa hivyo Ijumaa kabla ya jua kuzama nilichemsha chinsaga, zile mboga zetu chungu, nikazitia maziwa nikaziacha zilale. Zikilala ndipo zinakuwa tamu. Kanisa zima linajua chinsaga zangu. Miaka yote sufuria yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukwanguliwa.

Siku hiyo niliiweka mezani pamoja na zingine. Nilisimama pembeni nikatazama. Mkono ukija kwenye sufuria yangu, mtu mwingine anaugusa na kunong'ona, mkono unahamia sufuria ya jirani. Mpaka mwisho. Hata mzee wa kanisa aliiruka! Nilibeba sufuria yangu ikiwa imejaa kama nilivyoileta, nikapanda mlima nayo kichwani, machozi yakinidondoka mpaka kwenye kanga.

Nilidhani hakuna kitakachoniuma kuliko hapo. Lakini kesho yake Evans aliingia jikoni kwangu, akasimama mlangoni bila kukaa. Hakuniita mama kwa ile sauti yake ya siku zote.

"Mama, umempa nini mke wangu?"

Mwanangu! Niliyemsomesha kwa majani chai baada ya babake kufa! Nilimvutia kigoda akae. Alikitazama, akatoka.

Wiki hiyo Kerubo alianguka. Tulikuwa kwenye mteremko wa juu, nikasikia michai ikivunjika, nikageuka nikaona kapu limemfunika na majani yamemwagika. Nilipiga kelele. Watu walikuja mbio, nami nilikuwa nimekwisha kukiweka kichwa chake kwenye mapaja yangu. Ndipo yule jirani yangu akanisukuma mabega. "Usimguse! Hujatosheka?" Nikaachia. Nilisimama kando, na mkaza mwana wangu akabebwa kana kwamba mimi ni nyoka niliyemuuma.

Alipelekwa hospitali moja mjini Kisii. Nilifuata peke yangu. Daktari alisema sukari imeshuka mno na damu ni kidogo, akamtundikia maji. Kesho yake akaja mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole. Evans alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi nimesimama miguuni kama mshtakiwa.

"Kerubo, hebu niambie, kwa siku unakula nini?"

Mtaalamu akamuuliza tena. Kerubo akafunika uso kwa shuka, na sauti ikatoka humo ndani.

"Kalori mia nane... Siku hizi mia sita."

Kalori! Mimi neno hilo nilikuwa nimeliona tu kwenye karatasi za biskuti. Nilidhani ni dawa, nikadhani labda amekunywa sumu. Yule mtaalamu ndiye aliyenieleza kwamba kalori ni kipimo cha nguvu tunazopata kwenye chakula, na kwamba mkaza mwana wangu alikuwa amejiwekea kiwango kisichomtosha hata mtu aliyelala kutwa.

Hapo ndipo yote yakatoka. Dada yake Kerubo alikuwa anaolewa huko Kiogoro, na sare ya wasimamizi ilimkataa tumboni. Halafu kulikuwa na ile sifa yangu mbele ya wageni... Kumbe aliichukua kama tusi. Akajiunga na kundi la kwenye simu, lenye mwanamke anayejiita kocha wa kupunguza uzani, ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Kocha huyo aliwapa wanawake wote namba moja: mia nane kwa siku. Anayekaa ofisini, mia nane. Anayeuza duka, mia nane. Na mkaza mwana wangu, anayepanda na kushuka mteremko na kapu mgongoni huku ananyonyesha, naye mia nane! Hakumuuliza ana umri gani, anafanya kazi gani, wala kama ana mtoto kwenye titi. Kerubo alipolalamika kizunguzungu, aliambiwa mwili unazoea, akaze roho. Uzani ulipogoma kushuka, akaambiwa apunguze tena.

Chakula changu alikikataa kwa sababu hakuweza kukipima. Kwake alikuwa na kimizani cha kupimia chakula, amekificha kabatini. Ugali wangu haukuwa na namba. Hiyo tu!

Mtaalamu alitikisa kichwa. Alisema mwanamke kwa kawaida hafai kushuka chini ya kalori elfu moja mia mbili kwa siku, na mwanamume elfu moja mia tano, isipokuwa akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Tena akasema hiyo ni sakafu, si namba ya kila mtu kuilenga. Anayefanya kazi ya jasho anahitaji zaidi, anayenyonyesha anahitaji zaidi, na Kerubo alikuwa wote wawili katika mwili mmoja. Akasema anayetaka kupungua apungue polepole, nusu kilo kwa wiki inatosha, na apimiwe kiwango chake yeye. Evans alimtafuta yule kocha kwenye simu palepale. Alipojitambulisha tu, Kerubo aliondolewa kwenye kundi.

Mtaalamu alipotoka, nilimgeukia Kerubo.

"Ulisikia watu wakiniita mchawi?"

"Nilisikia, mama."

"Ukanyamaza?"

"Niliona aibu, mama. Wangesema Evans hanilishi... au wanicheke kwamba mke wa mwalimu anajinyima ugali ili avae nguo."

Aibu! Yeye aliona aibu ya kusema anapunguza tumbo, mimi nikawa napimiwa moto! Nilitaka kupiga kelele, nikamwona mishipa ya mkono ilivyotokeza kwenye ule mpira wa maji, nikamfunika shuka vizuri. Evans alipiga magoti hapo kwenye sakafu ya hospitali, akalia, akaniomba msamaha. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado unajivuta.

Kerubo alirudi nyumbani, akala, maziwa yakarudi. Nilimwambia kitu kimoja tu: ulilonyamazia hadharani, utalisema hadharani. Na Sabato moja, mbele ya kanisa zima, alisimama akiwa amembeba mtoto. Alisema yote, namba na kocha na kimizani cha kabatini. Akasema, "Mama hakuniroga. Nilijinyima mwenyewe, na nikamwacha abebe lawama." Kuna waliolia. Kuna waliotazama dari. Yule jirani yangu mpaka leo hajakanyaga kwangu, na wale vijana wa dukani wanajifanya walikuwa wanatania. Mtu hutania hivyo?

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mabinti, nawasihi. Kupunguza mwili si dhambi, na sitawacheka. Lakini usikubali namba ya mtu ambaye hajakuuliza hata kazi unayofanya. Nenda hospitali, kaa na mtaalamu wa lishe, upimiwe kiwango chako wewe. Ukiona kizunguzungu, nywele zinatoka, maziwa yanakauka, acha! Na jambo lenyewe liseme nyumbani kwako, hata kama watakucheka. Kicheko kinaisha kesho. Mimi nilikuwa karibu kufa kwa sababu ya kicheko ambacho mtu alikikwepa.

Juzi ilikuwa tena Sabato ya wageni. Nilichemsha chinsaga Ijumaa, nikatia maziwa, nikaziacha zilale. Kanisani Kerubo alikuwa wa kwanza kuja kwenye sufuria yangu. Alijipakulia, akajaza, akasimama palepale katikati ya watu akala bila kupima. Mmoja akamfuata, kisha mwingine...

Nilipofika nyumbani nilifunua sufuria. Ilikuwa nusu.

Nusu! Mkaza mwana wangu amepona, mjukuu wangu ananyonya, na mimi bado nangoja watu wa Mungu wamalize ile nusu nyingine.